Je, ni sahihi kumwita Kikwete mwanajeshi aliyeingia siasa?

MwalimuSongea ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninafundisha Historia na Uraia katika shule ya sekondari, na muhula huu tumefika kwenye mada ya mabadiliko ya mwaka 1992, nchi ilipotoka chama kimoja kwenda vyama vingi. Katika insha za wanafunzi wangu, mmoja ameandika kwamba Rais wa awamu ya nne, Jakaya Mrisho Kikwete, "alikuwa mwanajeshi, akastaafu, kisha akaingia siasa na kuwa waziri". Nilimpa alama bila kusita, kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyosema, na kwa sababu cheo chake cha Luteni Kanali mstaafu kinajulikana na kila mtu.

Jioni, nilipokuwa ninapanga madaftari, nikaanza kujihoji. Alistaafu jeshi mwaka 1992, lakini aliteuliwa kuwa Naibu Waziri mwezi Novemba 1988 na kuwa Waziri kamili wa Maji, Nishati na Madini mwaka 1990. Ina maana kwamba kwa takriban miaka minne alikuwa afisa wa jeshi na wakati huohuo ni kiongozi serikalini. Neno "kisha" katika sentensi ya mwanafunzi wangu halikai mahali pake.

Ningependa kuelezwa na wale walioishi nyakati hizo, kwa kuwa mimi nilikuwa mtoto mdogo: ilikuwaje mtu awe afisa wa jeshi, kada wa chama na waziri kwa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu? Swali langu la pili ni hili: katika miaka 17 aliyokaa katika Baraza la Mawaziri kabla ya kuwa Rais, je, uanajeshi wake ulionekana mahali popote katika kazi zake, au ulibaki kuwa cheo tu kinachotangulia jina?

BabuLindi amejibu:

Mwalimu, shikamoo ya kazi yako nakupa mimi ingawa umri unadai kinyume, kwa sababu umeuliza jambo ambalo watu wa rika langu tumelichukulia kuwa linaeleweka, kumbe vijana hawakuwahi kuelezwa.

Kwanza elewa jeshi lenyewe lilivyozaliwa. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles pale Colito, kambi ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Serikali ililazimika kuomba msaada wa Uingereza, na wanamaji wao waliteremka Dar es Salaam tarehe 25 Januari wakawanyang'anya waasi silaha. Kwa taifa lililokuwa na uhuru wa miaka miwili na wiki chache, ile ilikuwa fedheha kubwa, na Mwalimu Nyerere hakuficha uchungu wake. Jeshi la kikoloni likavunjwa. Jeshi jipya, hili la Wananchi, likaundwa tarehe 1 Septemba 1964, na vijana wake wa kwanza walitafutwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na kutoka Jeshi la Kujenga Taifa.

Kuanzia hapo ikawekwa misingi kwamba mwanajeshi wa Tanzania hatakuwa mtu wa kukodishwa bunduki asiyejua anamtumikia nani. Angefundishwa siasa, angekuwa na kadi ya chama, na kambini pangekuwa na tawi la chama kama lilivyokuwepo kijijini na kiwandani. Kila kikosi kilikuwa na kamisaa wa siasa, afisa ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha itikadi, kusikiliza manung'uniko ya askari na kuyafikisha juu kabla hayajaiva yakawa maasi mengine. Wapo wanaosema leo kwamba huko kulikuwa kuchafua jeshi kwa siasa. Mimi nilikuwa ndani, na nasema kwa moyo wote kwamba ukiangalia majirani zetu walivyopinduliwa mmoja baada ya mwingine katika miaka ya 1960 na 1970, utaona kwamba mpango ule ulikuwa na maana yake.

Sasa mweke Kikwete ndani ya nyumba hiyo. Alizaliwa Msoga mwaka 1950, akasoma uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1975. Alipotoka chuoni hakutafuta benki wala wizara, bali aliingia katika utumishi wa chama. Mafunzo ya uafisa aliyapata katika chuo cha maafisa wa jeshi Monduli baada ya hapo. TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar zilipoungana tarehe 5 Februari 1977 kuwa CCM, alipelekwa Zanzibar kusaidia kujenga ofisi za chama kipya. Baadaye alifanya kazi makao makuu, akaenda Tabora, akarudi Monduli kwa kozi ya makamanda wa kombania, na kati ya mwaka 1984 na 1986 alikuwa Mkufunzi Mkuu wa Siasa na Kamisaa palepale chuoni. Kutoka Monduli hakupelekwa kwenye brigedi kuamuru vikosi. Alipelekwa huku kwetu kusini, Nachingwea na Masasi, kuwa Katibu wa Chama wa Wilaya, na huko ndiko Rais Mwinyi alikomtoa mwaka 1988.

Fuatilia mstari huo kwa kidole, Mwalimu, utaona kwamba chama hakikukatika hata siku moja. Gwanda alilivaa ndani ya chama. Kwa hiyo mimi sikubaliani na usemi kwamba alikuwa mwanajeshi aliyeingia siasa. Alikuwa kada aliyepitishwa jeshini, kama wengine walivyopitishwa ukuu wa wilaya au ualimu wa Kivukoni, chuo cha chama, kwa sababu jeshi lilikuwa chumba kimojawapo katika nyumba ileile.

Wanajeshi hasa walioingia serikalini tulikuwa nao, na ni vizuri wanafunzi wako wawajue ili wapate kulinganisha. Jenerali Abdallah Twalipo alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia mwaka 1974, akaongoza jeshi katika vita vya Kagera, kisha akawa Waziri wa Ulinzi. Muhidin Kimario naye alikuwa afisa wa ngazi za juu jeshini kabla ya kuongoza Wizara ya Mambo ya Ndani. Hao walikuwa watu wa vikosi, na walipopewa wizara walipewa zile zinazokaribiana na bunduki. Kikwete alipewa maji, umeme na madini.

WakiliDodoma amejibu:

Ninamshukuru Babu kwa maelezo yake, na ninaomba kuongeza upande wa sheria, kwa sababu bila sheria mwaka 1992 unabaki kuwa tarehe tu.

Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta kwamba takriban wananchi 80 katika kila 100 waliohojiwa walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi hata hivyo. Katiba ikabadilishwa mwaka 1992 na Sheria ya Vyama vya Siasa ikaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Chama kilipoacha kuwa kimoja, jeshi halingeweza tena kuwa la chama, kwani lingekuwa jeshi la mmoja wa washindani. Ndiyo maana Ibara ya 147 ya Katiba, katika ibara ndogo ya tatu, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, huku ikimwachia haki yake ya kupiga kura. Wala katazo hilo haliwahusu JWTZ peke yao, kwani ibara ndogo inayofuata inawataja pia Polisi, Magereza na JKT.

Kwa hiyo maafisa waliokuwa na miguu katika nyumba zote mbili walitakiwa kuchagua. Kikwete alichagua siasa akaacha jeshi akiwa Luteni Kanali. Kanali Abdulrahman Kinana naye alichagua siasa, na safari yake haipungui uzito: alikuwa mbunge wa Arusha na Waziri wa Ulinzi, akasimamia kampeni ya Benjamin Mkapa mwaka 1995, akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2001, na baadaye Katibu Mkuu wa CCM kuanzia 2012 hadi 2018. Kapteni George Mkuchika na Luteni Yusuf Makamba ni wengine ambao vyeo vyao vya jeshi viliendelea kutangulia majina yao katika chama na serikali. Ukiwatazama kwa pamoja utaona kwamba kizazi kizima cha viongozi wa CCM kilipita katika mlango uleule, na kwamba mlango huo ulifungwa nyuma yao.

Kuhusu swali la pili la Mwalimu, mimi ninaona kwamba uwaziri wa Kikwete unafaa kugawanywa kwa uzito, wala si kwa miaka. Kipindi cha Maji, Nishati na Madini kilimpa uzoefu wa Bungeni, ambako mwaka 1990 alipata ubunge wa jimbo la Bagamoyo. Lakini kilichomtambulisha ni Wizara ya Fedha, ingawa alikaa huko kwa takriban mwaka mmoja tu. Mwishoni mwa mwaka 1994 wafadhili walikuwa wamesitisha misaada wakilalamikia misamaha ya kodi na kodi isiyokusanywa. Profesa Kighoma Malima akahamishwa kutoka Wizara ya Fedha, na Kikwete, akiwa na umri wa miaka 44, akakabidhiwa hazina iliyokuwa haina kitu. Msingi wa kutumia kile tu kilichokusanywa, ambao serikali ya Mkapa ilikuja kuusimamia kwa ukali, ulianza kuwekwa wakati huo, na sheria iliyounda Mamlaka ya Mapato Tanzania ni ya mwaka 1995, ingawa Mamlaka yenyewe ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996. Sitaki kumpa mtu mmoja sifa ya kazi ya wengi, lakini si haki pia kuusahau mwaka ule, kama wengi wanavyousahau kwa sababu ya urefu wa kipindi kilichofuata.

Mambo ya Nje alikaa miaka 10 mfululizo, kuanzia 1995 hadi 2005, katika vipindi vyote viwili vya Rais Mkapa. Huko ndiko alikotengeneza jina katika kanda: mazungumzo ya Burundi yaliyofikia Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, kufufuliwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999, na uamuzi wa Tanzania kujitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, ambao hadi leo wachumi wanabishana juu yake. Katika hayo yote sikuona gwanda. Niliona kada anayejua kukaa na watu, kuwasikiliza hadi usiku wa manane na kukumbuka majina yao.

OleKajiado amejibu:

Ninaandika kutoka Kenya, na nimeona niongeze mfano wa kwetu kwa sababu unaonyesha tofauti ambayo Babu ameieleza vizuri.

Meja Jenerali Joseph Nkaissery alikuwa mwanajeshi kwa maana kamili. Alistaafu mwaka 2002, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mbunge wa Kajiado ya Kati kupitia KANU. Baadaye akahamia ODM, na katika serikali ya mseto akawa Waziri Msaidizi wa Ulinzi. Kwetu hapakuwa na kamisaa wala tawi la chama kambini, kwa hiyo mtu wa jeshi alitoka kwanza, akavua sare, ndipo akatafuta kura. Neno "kisha" ambalo linamsumbua Mwalimu lingemfaa sana Nkaissery.

Mwezi Desemba 2014, baada ya wachimba mawe 36 kuuawa Mandera, Rais Uhuru Kenyatta alimteua kuwa Waziri wa Usalama wa Ndani ingawa alitoka upande wa upinzani. Kwa kuwa Katiba yetu ya 2010 hairuhusu mbunge kuwa waziri, alilazimika kuachia kiti, na uchaguzi mdogo ukafanyika Kajiado ya Kati mwaka uliofuata. Aliteuliwa kwa sababu ya jeshi, jambo ambalo halikufichwa na mtu. Watu walitaka jenerali. Hata hivyo, miezi minne baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na watu 148 wakapoteza maisha. Alifariki dunia Julai 2017, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi mkuu.

Ninalitaja jambo moja zaidi kwa heshima ya marehemu na kwa heshima ya waliodhurika. Jina lake lilihusishwa na Operesheni Nyundo, msako wa jeshi wa silaha haramu wa mwaka 1984 katika Pokot Magharibi, na wakazi wa huko hawakuisahau hata alipokuwa waziri. Mwanajeshi wa vikosi anapoingia serikalini huingia na historia ya operesheni zake, iwe njema au ya kuumiza. Kamisaa aliyekuwa akifundisha siasa Monduli hana mzigo wa namna hiyo, na nadhani hilo nalo lilimrahisishia Kikwete safari.

MwalimuSongea ameandika tena:

Nimefarijika sana kwa majibu haya, na nimeyanakili yote. Ndugu OleKajiado, mfano wako nitautumia darasani kesho, kwa kuwa kulinganisha huwasaidia wanafunzi kuliko maelezo yangu marefu.

Bado nina jambo moja linalonisumbua. Mwaka 1995, miaka mitatu tu baada ya kuvua sare, Kikwete aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Aliongoza katika duru ya kwanza, akiwatangulia Mkapa na Cleopa Msuya, halafu Mkapa akamshinda kwa tofauti ndogo katika duru ya pili. Je, kuna aliyesema wakati ule kwamba ni mapema mno kwa mtu aliyetoka jeshini kutaka Ikulu? Na wewe Babu, ikiwa si kukukosea adabu, uliposema ulikuwa ndani, je, mwaka 1992 ulichagua upande gani?

WakiliDodoma amejibu:

Mwalimu, hoja iliyosikika zaidi mwaka 1995 ilihusu umri. Yeye na Edward Lowassa walikwenda kuchukua fomu pamoja, wakaonekana kuwa vijana wenye haraka, na jina la Lowassa halikufika katika hatua ya mwisho. Nafasi ya Mwalimu Nyerere katika kumuunga mkono Mkapa inajulikana na wote. Sikumbuki kwamba uanajeshi ulikuwa hoja nzito, na hilo linathibitisha maneno ya Babu: wajumbe wa Mkutano Mkuu walimwona mtu wao, waliyemfahamu tangu wilayani. Kilichonivutia zaidi ni alivyopokea matokeo. Alimpongeza mshindi, akaingia katika serikali yake na kuitumikia miaka 10. Alipogombea tena, pale Chimwaga, Dodoma, mwezi Mei 2005, aliwashinda Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya kwa takriban asilimia 64 ya kura, na mwezi Desemba taifa likampa zaidi ya asilimia 80. Hapo kulikuwa na nguvu ya kundi lililoitwa Mtandao, ambalo lilijengwa kwa miaka hiyo yote kumi na kuacha majeraha ndani ya chama. Katika hili nadhani ndipo mafunzo ya Monduli yalipoonekana, ikiwa yalionekana popote: subira, mpango wa muda mrefu, na kila mtu kujua nafasi yake.

Niongeze kwamba katazo la Ibara ya 147 halijamaliza suala lenyewe. Marais wetu wameendelea kuwateua maafisa walio bado jeshini kuwa wakuu wa mikoa na wilaya, na mkuu wa mkoa kwa utaratibu wa CCM hukaa katika Kamati ya Siasa ya chama hicho. Afisa huyo anakaa pale kama nani? Swali hili ningependa wanafunzi wako walijadili, maana ni la leo.

BabuLindi amejibu:

Hujanikosea adabu hata kidogo, Mwalimu. Nilichagua jeshi. Nilikuwa na kadi yangu tangu enzi za TANU, iliyofanywa ya CCM mwaka 1977, na nilikuwa nimelipa ada bila kuruka mwezi. Mwaka ule tulielezwa kambini kwamba sasa kadi na gwanda haviwezi kukaa katika mfuko mmoja. Niliirudisha. Sikuwa na uchungu na serikali, kwani nilielewa sababu yake, ila usiku ule sikulala vizuri, na mwenzangu tuliyekaa naye chumba kimoja alichagua kutoka akaenda kugombea udiwani kwao.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema Kikwete "aliacha siasa za jeshi akaingia siasa za uraiani", au kinyume chake, ninaona hajaelewa kilichotutokea. Kabla ya mwaka 1992 hapakuwa na mstari wa kuvuka. Mstari ulichorwa mwaka ule, na kila mmoja wetu alijikuta upande aliokuwa ameuzoea zaidi. Mimi nilizoea paredi. Yeye alikuwa ameshakaa miaka minne wizarani na kabla yake miaka mingi katika ofisi za chama, na sidhani kama aliyemfahamu alishangaa.

Mwanafunzi wako mwachie alama zake, maana amefanya kazi. Mwambie tu aandike upya ile sentensi: kwamba alikuwa kada na afisa kwa wakati mmoja, akawa waziri akiwa bado afisa, na akastaafu jeshi sheria ilipomtaka achague. Ikiwa atauliza kwa nini, mpe habari ya Colito.